Mche wa stroberi: tazama shina, majani yatakudanganya

Wakulima wa stroberi wa nyanda za juu, iwe Lushoto au Limuru, wakifika kitaluni huvutiwa na mche wenye majani mapana ya kijani kibichi. Mbolea ya naitrojeni inaweza kuyaleta majani hayo kwa muda mfupi tu. Mimi huinama nikatazama pale majani yanapokutana na mizizi. Hapo pana shina fupi, nalo ndilo lenye akiba ya wanga na machipukizi yatakayotoa majani na maua.

Uholanzi, miche inayohifadhiwa kwenye baridi hupangwa madaraja kwa unene wa shina hilo, na daraja la A+ huanzia takriban milimita 15. Huku kwetu kipimo changu ni penseli ya kawaida, yenye unene wa kama milimita 7. Mche mwembamba kuliko hapo naurudisha kitaluni, hata kama muuzaji atanuna.

Mche mnene hushika haraka na kutoa vikonyo vingi vya maua mapema. Katika kila kikonyo, ua la kwanza ndilo litoalo tunda kubwa, na yanayofuata hupungua ukubwa. Sababu ni zile punje zilizo juu ya tunda: kila punje iliyochavushwa hutoa homoni inayoivimbisha nyama iliyo chini yake, na ua la kwanza ndilo lenye punje nyingi zaidi. Kwa hiyo wenye miche minene huchuma matunda makubwa mengi mwanzoni, wakati sokoni bado hayajajaa. Baadaye miche midogo iliyotunzwa vizuri hupunguza pengo.

Ila unene nao una kikomo. Shina kubwa mno hugawanyika, maua yanakuwa mengi kuliko majani yanavyoweza kuyalisha, na matunda hubaki madogo. Majani yakisongamana, umande haukauki, na ukungu wa kijivu hupata makao. Tena kuna shina nene la uzee, lililochanwa kutoka kwenye mmea wa misimu mingi. Utalijua kwa mizizi yake myeusi. Hilo liache hata ukipewa bure.

Utamu ni habari nyingine. Huo huletwa na jua, usiku wa baridi na kuchuma tunda likiwa limeiva, maana stroberi haiongezi sukari ikishachumwa.

Karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, hivyo aina ya siku fupi, yaani ichanuayo mchana usipokuwa mrefu, kama Chandler, kwenye ubaridi wa milimani, huchanua ikiwa bado changa. Kama umelazimika kupanda miche midogo, kata maua ya kwanza ili shina linenepe kwanza. Ipande kwenye tuta lake, isichanganywe na minene itakayoifunika kwa kivuli, na shina likae usawa wa udongo. Ukilifukia, litaoza.