Gramu 300 za steki zinaishia wapi? Ufafanuzi kuhusu uzito, protini na mafuta ya steki ya mgahawani

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la lishe kuhusu steki za mgahawani yanafanana mno. Mteja amesoma kwenye menyu "steki gramu 300". Ameletewa kipande, amekitilia shaka, amekipima kwa mizani ndogo ya jikoni, kimetoka gramu 215. Anahitimisha kuwa ameibiwa gramu 85, na mara nyingi picha ya mizani huwa imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla barua ya malalamiko haijaandikwa.

Ieleweke mapema: uzito unaoandikwa kwenye menyu ni wa nyama mbichi. Ndiyo desturi ya biashara hii hapa Tanzania na kwingineko. Mgahawa makini huongeza maneno "uzito kabla ya kupikwa", na tunashauri migahawa yote ifanye hivyo, maana ni maneno manne tu na yanaondoa ugomvi wote huu. Hata hivyo, kukosekana kwa maneno hayo hakufanyi gramu 215 zilizoiva kuwa wizi.

Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi ni maji kwa takribani asilimia 70 hadi 75. Ikipata moto, nyuzi za protini hujikunja na kuyakamua maji hayo kama mtu anavyokamua nguo. Steki iliyotolewa motoni ikiwa bado nyekundu ndani hupoteza kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Iliyoiva kabisa hupoteza 30, wakati mwingine zaidi. Wateja wetu wengi huagiza iliyoiva kabisa, halafu hushangaa kwamba kipande kimesinyaa. Kwa gramu 300 mbichi, kupata kati ya 200 na 255 ni hesabu iliyokaa sawa. Ukiletewa 160, hapo una hoja, na utaratibu wa kuifikisha hoja hiyo umeelezwa chini.

Steki yenye mfupa wa umbo la T ina hesabu yake. Mfupa huchukua hadi robo ya uzito, na mfupa hauliwi. Kwa hiyo gramu 500 za menyu zinaweza kukupa nyama iliyoiva isiyozidi 280.

Tukiwa hapa, maji mekundu yanayobaki kwenye sahani si damu. Damu ilitoka machinjioni. Yale ni maji ya nyama yenye mayoglobini, protini inayoipa misuli rangi yake. Tumeshalieleza mara nyingi.

Tuje kwenye virutubishi, ambako makosa ya hesabu ni makubwa kuliko ya mizani. Neno steki lenyewe linachanganya. Buchani, steki ni nyama yoyote isiyo na mfupa: unaomba nusu kilo ya steki, unakatiwa paja au bega bila kuulizwa. Mgahawani, steki ni kipande kimoja kinene kutoka sehemu maalumu, yaani fileti, saloini au nyama ya mbavu, na sehemu hizi hazilingani hata kidogo kwa mafuta. Anayechukua takwimu za steki ya bucha na kuzibandika kwenye steki ya mbavu anakosea tangu mstari wa kwanza.

Kosa la pili ni kuchanganya majedwali. Majedwali ya virutubishi hutoa takwimu kwa kila gramu 100 za sehemu inayolika, na huonyesha nyama mbichi na iliyopikwa kama vyakula viwili tofauti. Saloini mbichi yenye utepe mwembamba wa mafuta pembeni ina protini takribani gramu 20 kwa kila gramu 100. Ikibanikwa, inafika 27. Protini haikuongezeka, ila maji yamepungua. Sasa mtu anachukua ile 27 ya nyama iliyoiva, anaizidisha na gramu 300 za menyu ambazo ni mbichi, anajiandikia protini gramu 81. Zipo 60. Ukizidisha mbichi kwa mbichi, 300 kwa asilimia 20, unapata 60. Ukizidisha iliyoiva kwa iliyoiva, 220 kwa asilimia 27, unapata 59 na kitu. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja, na zisipofika, umekosea.

Sahani hiyo ya gramu 220 zilizoiva ina mafuta kama gramu 31. Nishati hupatikana kwa kuzidisha kila gramu ya protini kwa 4 na kila gramu ya mafuta kwa 9: jumla ni takribani kalori 515. (Kalori za kwenye menyu ni kilokalori. Hakuna haja ya kutuandikia kwamba menyu imekosea mara elfu moja.) Ukikata ule utepe wa mafuta na kuuacha pembeni ya sahani, unabaki na kalori 340 hadi 380, na protini karibu yote unayo bado. Hakuna hatua nyingine mezani inayopunguza nishati kiasi hicho kwa kisu kimoja.

Takwimu hizo ni za ng'ombe aliyenenepeshwa kwa nafaka. Ng'ombe wetu wa asili aliyekulia malishoni ana mafuta machache ndani ya msuli, na steki yake ya gramu 300, ikisafishwa vizuri, inaweza kuishia kwenye kalori 350 hadi 400. Hoteli kubwa nyingi huandika chanzo cha nyama yao. Zisipoandika, uliza, kwa sababu tofauti ya kalori 150 haitokani na ustadi wa mpishi.

Kuhusu madini na vitamini tutasema kwa ufupi kwa kuwa hapa malalamiko ni machache. Sahani hiyo ina madini ya chuma miligramu 4 hadi 5, ya aina ambayo mwili huyafyonza kwa urahisi kuliko yale ya mboga. Madini ya zinki yanakaribia mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima, na vitamini B12 inayazidi. Nyuzinyuzi ni sifuri. Wanga ni sifuri kwa nyama tupu. Vitamini C haipo ya kutajwa. Ndiyo maana kachumbari isirudishwe jikoni ikiwa haijaguswa.

Kinachotupa shida zaidi ni kile ambacho jiko linaongeza, nacho hakiandikwi popote. Steki ya mgahawani huwa na ladha kuliko ya nyumbani kwa sababu mbili: moto mkali, na mkono mzito wa chumvi na siagi. Kijiko kimoja cha mezani cha siagi, gramu 14, kinaleta kalori 100 na mafuta mgando, yaani yale yanayoganda sahani ikipoa, gramu 7. Kijiko cha mafuta ya kupikia kinaleta kalori 120, na hata nusu yake ikibaki kwenye kikaango, 60 umekula. Chipsi gramu 200 zina takribani kalori 600. Isomwe tena: chipsi zimeishinda steki. Mtu anayekuja kutuuliza kama aache nyama ili apunguze uzito, huku sahani ya chipsi haimsumbui, anauliza swali lisilo lake.

Mafuta mgando ni takribani gramu 12 kwenye steki yenyewe. Ukiongeza siagi umefika 19. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, sawa na gramu 22 kwa anayekula kalori 2,000. Bado hujanywa chai ya maziwa.

Chumvi ndiyo inayotupa hofu kubwa. Nyama tupu ya sahani hiyo ina sodiamu kama miligramu 130, kiasi kidogo. Mpishi akitia nusu kijiko cha chai cha chumvi, gramu 3, ameongeza karibu 1,170. Akiloweka nyama kwa kijiko cha mezani cha sosi ya soya, ameongeza takribani 900. Jumla imepita miligramu 2,000, ambazo ndizo kikomo cha siku nzima kwa mtu mzima, kwa sahani moja, kabla ya chumvi ya chipsi. Mwenye shinikizo la damu aombe steki isiyolowekwa na chumvi iletwe pembeni. Hilo linawezekana katika jiko lolote linalopika kwa oda. Likikataliwa, maana yake nyama ililowekwa tangu jana. Makala haya hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari wako, hasa kwa wagonjwa wa figo, ambao hata kiasi cha protini hupangiwa.

Kulainisha nyama kwa papai bichi hakupunguzi protini. Kimeng'enya cha papai hukata nyuzi vipande, lakini protini yote inabaki sahanini. Kubanika kwa mkaa nako hakuondoi mafuta yote. Katika mfano wetu yalidondoka kama gramu 7 tu kati ya 38 zilizokuwemo kwenye nyama mbichi.

Sasa migahawa. Mgahawa unaoandika kalori kwenye menyu hapa nchini unaandika kwa hiari yake. Marekani, tangu tarehe 7 Mei 2018, migahawa yenye matawi 20 au zaidi kwa jina moja inalazimika kuonyesha kalori, na mteja akiomba, apewe kwa maandishi orodha ya mafuta, sodiamu, wanga, protini na vinginevyo. England kanuni ilianza tarehe 6 Aprili 2022 kwa biashara zenye wafanyakazi 250 na zaidi. Anayekiuka huweza kupewa notisi ya kurekebisha, na asiporekebisha hukabiliwa na faini ya pauni 2,500. Kwetu kuandika ni hiari, ila kuandika uongo si hiari. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kupotosha mlaji, na faini yake hukokotolewa kama asilimia ya mauzo ya mwaka, kwa hiyo asidhani mtu kwamba atalipa laki moja na kuendelea.

Anayetaka takwimu za kuaminika za menyu yake azingatie yafuatayo. Chagua sahani 6 za steki ileile, zilizopikwa katika siku 3 tofauti na mpishi wa kila siku, bila meneja kusimama pembeni yake. Meneja akiwepo, siagi hupungua, na takwimu zinakuwa za sahani ambayo mteja hataletewa kamwe. Kila kipande kipimwe kikiwa kibichi, kipimwe tena kikiwa kimeiva na kupumzika dakika 5, kisha mfupa utolewe na upimwe peke yake. Mizani irudishwe kwenye sifuri ikiwa na chombo juu yake. Sahani ya udongo iliyosahaulika ina gramu 400 na imeshatuharibia sampuli. Mchuzi na siagi vifungwe pamoja na nyama, visifutwe. Sampuli ipozwe hadi chini ya nyuzi 5 ndani ya saa 2, ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa, iandikwe tarehe na uzito wote watatu, ifikishwe maabara ndani ya saa 24.

Maabara husaga sampuli yote kwa pamoja. Maji hupimwa kwa kukausha kwenye joto la nyuzi 105, majivu kwa kuchoma kwenye nyuzi 550, mafuta kwa kuyayeyusha na kuyatenga, na protini kwa kupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Kwa saloini tupu tunatarajia kitu kama maji 58, protini 27, mafuta 14, majivu 1, jumla 100. Jumla ikitoka 93, zile 7 zilizobaki zinahesabiwa kama wanga, na nyama tupu haina wanga. Hapo ama sampuli haikusagwa sawasawa, ama mafuta hayakutoka yote, ama mchuzi ulikuwa na unga au sukari na mwenye sampuli hakusema. Tunarudia kipimo, na gharama ya kurudia ni yake aliyenyamaza.

Kwa mlaji mwenye hoja ya uzito: hoja hiyo ni ya nyama mbichi na mizani ya jikoni. Mizani ya biashara lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo angalau mara moja kwa mwaka na iwe na stika ya mwaka husika. Omba kuiona. Una haki pia ya kuomba kipande kipimwe mbele yako kabla hakijaingia jikoni. Ukikataliwa, tunza risiti, piga picha ya menyu ikionyesha uzito, andika tarehe na saa, upeleke kwenye ofisi ya Wakala ya mkoa wako. Mwenye mizani isiyohakikiwa anaweza kufifilisha kosa, yaani kukiri kwa maandishi na kulipa bila kwenda mahakamani. Akikataa, anafikishwa mahakamani, ambako adhabu ni faini, kifungo, au vyote viwili. Kosa la kurudia halihesabiwi kama la kwanza, hata kama mgahawa umebadilishwa jina katikati.

Steki iliyoliwa nusu haipokelewi kama ushahidi wa uzito, wala ile iliyolala usiku kwenye friji, kwa kuwa friji nayo hukausha nyama.