Theluji iliyo juu ya Mwanza

Mvua ya mawe ilitukuta Misungwi, mimi na mwenzangu, tukiwa tumekwenda kukagua kipima mvua kilichofungwa kwenye uwanja wa shule. Tulikimbilia barazani. Mabati yalilia kwa dakika kama sita hivi, hata mwalimu aliyekuwa akitueleza jambo akanyamaza, akabaki anatutazama. Ilipokatika, watoto walitoka mbio kuokota mawe. Kijana mmoja wa darasa la sita aliniletea moja, kubwa kuliko gololi, akauliza kama linalika. Nikaomba kisu kwa mama wa jikoni, nikalipasua katikati. Ndani lilikuwa na pete kama kitunguu: utando mweupe kama maziwa, utando mwangavu kama kioo, kisha mweupe tena. Katikati kabisa palikuwa na punje nyeupe, laini kidogo, isiyofanana na zile pete.

"Hiyo punje ilianza ikiwa theluji," nikamwambia.

"Imetoka Kilimanjaro?"

"Hapana, imetoka hapa hapa, juu yetu."

Alicheka, kengele ikapigwa, akakimbilia darasani. Mazungumzo yale hayakuisha, na nimekuwa nikiyakumbuka kila ninapokaa na wavuvi kwenye mialo yetu. Mtu akishajua kwamba juu ya Ziwa Victoria kuna theluji, ataelewa kwa nini upepo unaotangulia mvua ni wa baridi. Kwa anayevua dagaa usiku, kuuelewa upepo huo ni suala la kurudi nyumbani au kutorudi.

Tuanze na urefu. Uso wa ziwa uko meta zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa hupoa, wastani wa nyuzi joto sita kwa kila kilometa. Ukifika kama meta 4,900 juu ya usawa wa bahari, jotoridi ni sifuri na maji huanza kuganda. Piga hesabu: kutoka Mwanza hadi kwenye sifuri hiyo hazifiki kilometa nne. Ukisimama Mwaloni Kirumba jua la saa nane likikuchoma utosini, mahali pa kuganda maji pako karibu nawe kuliko ulipo uwanja wa ndege. Ndege inayoruka kwenda Dar es Salaam hupita hapo dakika chache tu baada ya kuacha ardhi, na ikifika kilometa kumi na kitu, nje ya dirisha lako ni karibu nyuzi 40 chini ya sifuri.

Mstari huo wa sifuri, kwetu sisi wa karibu na ikweta, hautikisiki sana mwaka mzima. Nchi za mbali kaskazini, miezi yao ya baridi ikiingia, mstari hushuka mpaka ukalala juu ya ardhi, na ndipo theluji inapowafikia mlangoni. Kwetu haushuki. Kilimanjaro ina theluji kwa sababu ardhi yenyewe imeupandia: kilele cha Kibo kiko meta 5,895, karibu kilometa nzima juu ya mstari. Rwenzori nayo, mpakani mwa Uganda na Kongo, inafika meta 5,109, inaugusa na kuupita kidogo. Kwa hiyo theluji ya Kibo haingoji majira ya baridi kama ya Ulaya. Huletwa na masika na vuli, mvua zilezile tunazolimia huku chini. Na mvua hizo zikipungua, mlima unaumia. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilometa za mraba kama 12. Ilipopimwa tena karne moja baadaye haikufika hata 2. Theluji mpya ni nyeupe na huakisi jua, inailinda barafu ya chini yake. Ikichelewa kuanguka, jua linaila barafu kuukuu moja kwa moja, sehemu yake ikigeuka mvuke bila hata kupitia maji. Haya ni masikitiko ninayoyasema waziwazi kila nipatapo nafasi.

Nitaje kidogo na picha zinazosambaa kwenye simu kila Juni na Julai, za mashamba meupe ya Makete na Njombe, zikiwa na maneno kwamba theluji imeanguka Tanzania. Nyingi ni za sakitu. Sakitu haianguki kutoka juu. Usiku ukiwa hauna mawingu, ardhi hupoteza joto lake, na mvuke ulio karibu na majani huganda palepale. Wakati huo ni majira ya baridi kusini mwa dunia; sisi wa Mwanza tunaipata sehemu yetu kwa asubuhi za baridi na pepo za kusi zinazochafua ziwa. Mvua za radi huwa chache.

Sasa turudi kwenye wingu. Maji ya Ziwa Victoria hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 26 karibu mwaka mzima, na eneo lake ni kilometa za mraba zipatazo 68,800, sufuria pana isiyopoa. Hewa yenye mvuke ikinyanyuka juu yake hupoa, mvuke unakuwa matone, wingu linazaliwa. Likiendelea kupanda huvuka mstari wa sifuri, na hapo watu wengi hushangaa: matone hayagandi mara moja. Tone dogo safi linaweza kubaki maji hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, likingoja chembe ya vumbi ya kushikilia. Likiipata, linaganda. Chembe za barafu zikishaanza kuwepo, hunyonya mvuke kutoka kwa matone jirani, huota ncha sita, zinakuwa theluji hasa, ileile ya kwenye picha. Nyingine hugongana na matone yaliyopoa, yanazigandia, zinakuwa punje ngumu. Upepo unaopanda ndani ya wingu ukiwa na nguvu, punje hubebwa juu, hupita penye maji mengi, hupita penye maji machache, kila mara ikivikwa utando mwingine. Zile pete za jiwe la Misungwi ni kumbukumbu ya safari hiyo. Kilele cha wingu kinaweza kufika kilometa 14 au 15, ambako baridi hupita nyuzi 60 chini ya sifuri.

Radi nayo ni mtoto wa barafu. Chembe nyepesi na punje nzito zikikwaruzana ndani ya wingu huachiana chaji za umeme. Nyepesi hupanda na ya kwao, nzito hubaki chini na ya kwao, mpaka hewa iliyo katikati inashindwa kuzitenga. Wingu lisilo na barafu huleta manyunyu na hata mvua ya kulowesha, lakini ni nadra sana kupiga radi. Kwa hiyo ukisikia ngurumo, jua kwamba juu yako kuna barafu.

Kama bado una shaka, rada inatuonyesha. Mwanza tuna rada ya hali ya hewa inayolitazama ziwa. Dhoruba ikishapungua makali na kubaki mvua tulivu, tukilikata wingu kwenye skrini kama unavyokata mkate tuone ubavu wake, unatokea mkanda mmoja unaong'aa, umenyooka, chini kidogo ya mstari wa sifuri. Ni theluji inayoyeyuka. Bonge la theluji lililovaa ngozi ya maji huakisi mawimbi ya rada kuliko theluji kavu na kuliko tone la mvua. Juu ya mkanda ni theluji, chini yake ni mvua. Nimeutazama mara nyingi na sijauzoea: huko nje mtu amejifunika turubai pale Buzuruga analalamikia mvua, na mimi naona mahali hasa ilipoacha kuwa theluji.

Kwa kawaida mawe huyeyuka kabla hayajatufikia, maana yanaanguka karibu kilometa nne ndani ya hewa ya joto. Nyanda za juu za Kericho na Nandi, ng'ambo ya Kenya, ziko meta 2,000 na zaidi. Huko safari ya kuyeyuka ni fupi, na wakulima wa chai wanaijua mvua ya mawe kama sisi tunavyowajua mbu. Huku kwetu inahitaji wingu lenye nguvu ya kipekee. Likitokea, ni msiba. Machi 2015, usiku, mvua ya mawe na upepo mkali ilipiga Mwakata, Kahama, na watu wasiopungua 38 wakapoteza maisha, wengi wao wakiangukiwa na kuta za nyumba zao.

Neno upepo ndilo ninalotaka tulishike. Barafu na theluji vikiyeyuka njiani hula joto la hewa inayovizunguka, kama kipande cha barafu kinavyopoza glasi nzima ya maji. Hewa ikipoa inakuwa nzito, inaanguka. Ikifika juu ya maji haina pa kwenda, inasambaa pande zote kwa kasi, kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni, na inaitangulia mvua kwa kilometa kadhaa. Ndiyo hiyo inayokupiga usoni ghafla, yenye baridi na harufu ya mvua, wakati ulipo bado ni pakavu. Mzee mmoja wa Igombe aliniambia kwamba wao, wakiisikia, husema "ziwa limevuta pumzi". Kwa maelezo yangu, pumzi hiyo ni theluji iliyoyeyuka dakika chache zilizopita juu ya kichwa chako. Mawimbi yake hayaji kwa mpangilio kama ya kusi. Yanainuka mafupi, yamebanana, yanaujaza mtumbwi kwa ubavu.

Lakini upepo huo ukishakugusa, muda umekwisha. Una dakika, na dakika hizo hazikufikishi nchi kavu ukiwa kilometa 15 ndani. Kinachoniuma ni kwamba saa za kazi ya dagaa ndizo saa za dhoruba. Mchana ardhi hupata joto, upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu hujengeka juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka: ardhi inapoa, maji yanabaki na joto lake, upepo unatoka kila ufuko kuelekea katikati ya ziwa, unakutana huko na hauna njia ila kupanda. Kwa hiyo dhoruba kali za ziwani hukomaa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Na dagaa huvuliwa kwenye giza, mwezi usipokuwepo, taa zikielea juu ya maji kama mji mwingine ng'ambo ya Ukerewe. Mvuvi anatazama taa yake, wingu halioni.

Anachoweza kukiona ni mmweko. Umeme wa mbali usio na sauti haumaanishi kwamba dhoruba ni dhaifu; ngurumo kwa kawaida haisikiki vizuri ikizidi kilometa 15 au 20. Mara nyingi, kwa kuwa pepo kuu za huku hutoka mashariki, dhoruba husogea kuelekea magharibi, na ndiyo maana Bukoba hupata mvua karibu mara mbili ya Mwanza. Mmweko wa mashariki kwako wewe uliyeko katikati ya maji uhesabu kama mgeni aliye njiani. Sauti ikianza kusikika, hesabu sekunde tangu mmweko hadi ngurumo, gawa kwa tatu, unapata kilometa. Zikiwa sekunde 30 au pungufu, kusanya nyavu, vaeni maboya nyote, laza mlingoti au fimbo yoyote iliyosimama, na mkae chini ndani ya chombo. Walioko nchi kavu wasikimbilie chini ya mwembe, wala kwenye upenyo wa yale mawe makubwa ya vilima vyetu, maana umeme hutambaa juu ya mwamba uliolowa.

Kati ya mwaka 2017 na 2020 mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uliziunganisha Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ili utabiri wa ziwa hili uwe bora na uwafikie wavuvi kwa lugha wanayoisema. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku. Nawaomba viongozi wa BMU, vile vikundi vya kusimamia mialo na uvuvi wake, wausome mwaloni jioni kabla vyombo havijasukumwa, kwa sauti, na nahodha asiyekuwepo afuatwe kambini kwake.

Na ipo alama moja isiyohitaji simu, mradi bado kuna mwanga. Wingu linalokua lina vichwa vilivyovimba, vyenye kingo kali kama koliflawa. Hayo bado ni matone ya maji. Litazame bila kuondoa macho. Kuna wakati kichwa cha juu hulegea, kingo zake zinafifia, zinachanuka nyuzinyuzi kama pamba iliyotoka kuchambuliwa, kisha zinatandazika upande mmoja kama fuawe ya mhunzi. Wasukuma wa zamani waliolima pamba hawahitaji kuelezwa mara mbili rangi na ulaini wake. Hapo matone yamegeuka barafu, theluji imeanza, na ngurumo ya kwanza iko karibu. Kutoka mwalo wa Igombe, kama saa kumi na mbili na nusu jioni, jua likilipiga wingu la namna hiyo juu ya ziwa, pamba ile huwa ya waridi.