Yai Chini ya Barafu: Kinachomtisha Chewa wa Aktiki

Wanaotuuliza habari za samaki wa kaskazini ya mbali huanza karibu wote na swali moja: hao samaki hawagandi? Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe ni tamu. Ila ninayetaka mumhofie zaidi si samaki bali yai lake.

Tuanze na kuganda. Maji ya bahari yana chumvi, kwa hiyo hayagandi kwenye sifuri. Hushuka hadi karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri ndipo barafu ishike. Damu ya samaki wengi ina chumvi kidogo kuliko bahari, nayo huganda mapema, mnamo nyuzi 0.8 chini ya sifuri. Kwa hesabu hiyo samaki wa Aktiki angekuwa bonge la barafu kila majira ya baridi. Miaka ya 1950, mwanasayansi Per Scholander na wenzake walikwenda kuchunguza jambo hili huko Labrador, Kanada. Samaki wa kilindini waliwakuta wazima, wakiogelea na damu iliyokwisha kupita kiwango chake cha kuganda. Kilichowaokoa ni kwamba kule chini hakuna hata chembe ya barafu ya kuanzisha mgando. Walipogusishwa barafu, waliganda wakafa.

Samaki wa juu, anayeishi ubavuni mwa barafu, hawezi kutegemea bahati ya namna hiyo. Yeye ana protini maalumu katika damu. Chembe ya barafu ikiingia mwilini, protini hizo huizingira na kuizuia isikue. Mwanasayansi Arthur DeVries alizigundua katika miaka ya 1960 kwa samaki wa Antaktika, upande wa pili kabisa wa dunia. Baadaye ikaonekana kwamba chewa wa Aktiki anazo zinazofanana nazo sana, ilhali koo hizi mbili za samaki hazikurithiana. Kila moja ilijitafutia dawa yake, na dawa zikatokea kuwa karibu sawa.

Nikisema chewa, simkusudii yule wa miambani anayejulikana Pwani. Kamusi zimewapa jina hilo pia samaki wa jamii ya kodi (kwa Kiingereza cod), na mvuvi wa Lamu au Mafia ana haki ya kunung'unika. Huyu wetu, *Boreogadus saida* kwa jina la kitaalamu, ni mdogo. Mara nyingi hafikii urefu wa sentimita 30. Hula vidudu vya baharini kama kopepodi, naye huliwa na sili, nyangumi weupe, nyangumi aitwaye narwali na ndege wengi wa baharini. Mafuta yaliyomo katika vidudu hivyo huwafikia wanyama wakubwa kwa kupitia tumbo lake. Ukimwondoa, hakuna mwingine wa kushika nafasi hiyo kwa wingi ule.

Sasa yai. Chewa huyu hutaga katikati ya majira ya baridi, na mayai yake huelea hadi yakakaa chini ya dari ya barafu. Kodi wa Atlantiki aliye mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Huyu hutaga maelfu tu, kila moja likiwa na upana usiofika milimita 2. Mayai hukaa hapo wiki nyingi, maana katika baridi ile kila kitu cha mwili huenda polepole, yakisubiri mwanga wa machipuo na chakula kinachokuja nao.

Kiinitete kilicho ndani ya yai hakina matamvua ya kufanyia kazi. Oksijeni inapenya ganda na kukifikia yenyewe, kidogo kidogo. Maji yakipata joto, mambo mawili hutokea kwa pamoja: maji hubeba oksijeni pungufu, na mwili wa kiinitete huhitaji nyingi zaidi. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mayai ya chewa wa Aktiki hustawi karibu na sifuri, na maji yakipita nyuzi 3 hivi vifo huongezeka na wengi wanaoanguliwa huwa na kasoro. Lakini samaki mchanga wa spishi hiyo hiyo hukua vizuri hata kwenye nyuzi 5 au 6! Ndiyo maana ukitia chombo baharini ukakuta samaki wakubwa wanene, hujapata habari kamili. Jike aliyejaa mayai naye ana shida ya aina hiyo, kwa kuwa lazima moyo wake ulishe mwili pamoja na ule mzigo.

Tena dari ile ya barafu ndipo mafuta ghafi hujikusanya yakimwagika, kwa sababu nayo huelea. Meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipopasuka Alaska tarehe 24 Machi 1989, mafuta yalifika pwani wakati samaki aina ya heringi wakikaribia kutaga. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba hata kiasi kidogo sana cha kemikali za mafuta huharibu moyo wa samaki unapoumbika ndani ya yai. Yai halikimbii.

Watu hutuambia: basi wahamie kaskazini zaidi. Wanahama kweli, na kodi wa Atlantiki katika Bahari ya Barents, kaskazini ya Norwe na Urusi, anawafuata nyuma na kuwala. Ila sehemu yenye kina kifupi, wanakopatikana kwa wingi, ina mwisho. Ukiivuka, sakafu ya bahari huporomoka maelfu ya mita. Katika eneo hilo la katikati ya Bahari ya Aktiki, nchi tisa na Umoja wa Ulaya zimekubaliana kutovua kibiashara kwa miaka 16 kuanzia Juni 2021, ili kwanza ijulikane kuna nini humo. Muda huo utaisha 2037, na unaweza kuongezwa kwa vipindi vya miaka mitano iwapo hakuna mwanachama atakayepinga.