Mwanasheria Mkuu hafuti kesi yako

Rais akishamteua Mwanasheria Mkuu mpya wa Serikali, huku Kigoma barua huanza kuandikwa. Ni za mkono, kichwa kimepigiwa mstari: "YAH: MAOMBI YA KUFUTIWA KESI", na chini nakala kwa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya. Inauma, maana barua ikiwa njiani kesi inaendelea kutajwa na muda wa kudai haki unazidi kuyoyoma.

Dhana yenyewe ni kwamba Mwanasheria Mkuu ndiye bosi wa kesi zote nchini. Siyo. Kesi ya jinai iko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP. Ibara ya 59B ya Katiba inampa yeye mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka, na Februari 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ilitenganishwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu. DPP anaweza kuondoa mashtaka kabla ya hukumu. Hukumu ikishasomwa, aliyetiwa hatiani ana rufaa. Kwa hiyo kama una hoja, ipeleke ofisi ya mashtaka ya mkoa. Taja namba ya kesi, mahakama, kosa na hatua iliyofikiwa, kisha eleza kasoro ya ushahidi. Kurasa mbili za kueleza una watoto wangapi hazimsaidii anayesoma jalada.

Ukiwa unaidai Serikali, tuseme halmashauri imekubomolea banda, hapo Mwanasheria Mkuu anahusika kweli, lakini kama mdaiwa. Sura ya 5 ya sheria zetu, ile ya mashauri dhidi ya Serikali, inataka notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki iende kwa taasisi iliyokukosea, na nakala kwake. Andika nini kilitokea, lini, wapi, unadai shilingi ngapi na kwa msingi gani. Halafu, na hili nalisisitiza kuliko yote: nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo utathibitishaje siku 90 zilianza lini? Ukifungua siku ya 60, unakutana na pingamizi la awali na shauri linaondolewa. Usipomuunganisha Mwanasheria Mkuu, shauri zima linabatilika. Na shauri hilo ni la Mahakama Kuu. Ukilipeleka Mahakama ya Wilaya unapoteza ada na miezi.

Barua ya malalamiko haiwi notisi kwa sababu tu imeandikwa kwa uchungu, wala mazungumzo na halmashauri hayasimamishi ukomo wa muda wa kufungua madai. Madai ya mkataba yana miaka 6, ya madhara uliyotendewa miaka 3. Wapo waliozungushwa "njoo wiki ijayo" mpaka miaka hiyo ikaisha, na madai yao yalikuwa ya haki kabisa.

Zipo na dhana nyingine kuhusu Mwanasheria Mkuu. Wengine husema lazima awe mbunge kwanza. Hapana, uteuzi wenyewe ndio unaomwingiza bungeni. Kwenye Baraza la Mawaziri anahudhuria na kuchangia, ila hapigi kura.

Wengine hudhani lazima atoke kwenye uwakili wa kila siku mahakamani. Katiba inataka sifa ya uwakili kwa miaka isiyopungua 15 mfululizo, basi. Hamza Johari, aliyeteuliwa Agosti 2024, alitokea kuongoza Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Na kwamba akiondolewa amekwisha? George Masaju alikuwa Mwanasheria Mkuu kuanzia 2015 hadi 2018, akawa jaji, na mwaka 2025 akateuliwa Jaji Mkuu. Eliezer Feleshi alitoka kwenye cheo hichohicho kwenda Mahakama ya Rufani.

Mwisho ni hili la "kijana wetu ameteuliwa, atatusimamia kesi ya shamba". Hawezi, hata akiwa mtoto wa mama mmoja. Mteja wake ni Serikali, na kama shamba hilo mnaidai Serikali, jina lake litakuwa kwenye hati yenu ya madai, upande wa wadaiwa.