Kabla hujapaka dawa ya fangasi, acha tukukwangue

Watu wengi wanaofika maabara kupimwa fangasi wa ngozi hufika wakiwa wameshapaka kitu. Yupo aliyepaka krimu aliyoinunua duka la dawa la Mwanga, hapa Kigoma, yupo aliyejisugua kitunguu saumu mpaka ngozi ikaungua, yupo aliyeambiwa na jirani achanganye salfa na mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi. Daktari anaandika kipimo, na sisi wa maabara tunabaki kumtafuta mdudu ambaye mgonjwa mwenyewe ameshamficha. Majibu yakitoka kwamba hakuna fangasi aliyeonekana, mtu anarudi nyumbani akiamini hana ugonjwa, kumbe fangasi wamepungua juu ya ngozi tu.

Kinachotusumbua zaidi ni zile krimu za mchanganyiko. Ndani ya tyubu moja kuna dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi. Steroidi inaituliza ngozi iache kupambana, kwa hiyo muwasho unakata ndani ya siku chache na wekundu unafifia. Fangasi naye anaendelea kutanuka kwa raha zake. Ukiacha kupaka, ugonjwa unarudi kwa kishindo, na safari hii hauna tena ile duara yenye ukingo ulioinuka ambayo hata mama mzazi angeitambua kuwa ni choa. Nimeona mapaja yaliyochorwa michirizi ya kudumu kwa sababu ya krimu hizo. Simlaumu sana muuzaji: mteja anataka muwasho uishe leo, na kweli unaisha leo.

Mkoa wetu una kila kitu anachokipenda fangasi. Mvua za kuanzia Oktoba hadi Mei, joto la kandokando ya Ziwa Tanganyika, na kazi zinazolowesha miguu usiku kucha. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga anashinda na mabuti ya mpira yenye maji ndani, na kati ya kidole cha nne na cha mwisho ngozi inakuwa nyeupe, inachubuka, inanuka. Hapo kwa kawaida hatuhitaji kubishana sana. Ila si kila baka ni fangasi. Pumu ya ngozi inaweza kuwa na umbo la duara, na baka lisilo na hisia linaweza kuwa ukoma, ugonjwa ambao bado upo nchini na ambao hauponi kwa krimu ya aina yoyote.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Tunafuta eneo kwa spiriti, tunaacha likauke, kisha tunakwangua ukingoni mwa baka kwa upande wa kisu usio na makali. Ni ukingoni na si katikati, kwa kuwa fangasi anakula kuelekea nje na katikati anakuwa ameshapaacha. Magamba tunayadondoshea kwenye karatasi nyeusi, maana kwenye karatasi nyeupe huyaoni. Kwa kucha, tunakata ncha iliyooza na kukwangua ule unga uliojificha chini yake, kwa hiyo tafadhali usije na rangi ya kucha.

Magamba yanawekwa kwenye kioo, tunadondoshea potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20, tunafunika na kusubiri kama dakika 20. Kucha husubiri zaidi, pengine hadi kesho yake. Kemikali hii inayeyusha protini ya ngozi, lakini ukuta wa fangasi umejengwa kwa kaitini, dutu ile ile iliyomo kwenye ganda la mdudu, nao hauyeyuki upesi. Tukipunguza mwanga wa darubini, tunaona nyuzi za unene mmoja, zenye matawi na vikuta vya kugawanya, zikikatiza seli za ngozi bila kujali mipaka yake. Hapo ndipo mwanafunzi wa maabara anapokosea: mistari ya mipaka ya seli humdanganya, na uzi wa pamba kutoka kwenye shati humdanganya zaidi.

Majibu haya, ukiacha ya kucha, hutoka siku hiyo hiyo, na hayataki mashine ya bei mbaya. Yanachoshindwa kutuambia ni aina ya fangasi. Kwa hilo lazima tuoteshe sampuli kwenye chakula kinachobeba jina la Raymond Sabouraud, daktari wa ngozi wa Paris aliyefariki mwaka 1938. Ni sukari, peptoni (protini iliyovunjwavunjwa) na agari ya kukigandisha, tena kina uchachu ambao bakteria wengi hawaupendi. Tunaotesha kwenye nyuzijoto 25 hadi 30, kwa sababu fangasi wengi wa ngozi hupendelea ubaridi wa ngozi kuliko nyuzijoto 37 za ndani ya mwili. Kisha tunasubiri, wakati mwingine hadi wiki nne. Mgonjwa akisikia wiki nne anadhani tumempuuza, lakini fangasi hawa ndivyo walivyo, wanakua taratibu. Ukungu wa hewani, ule unaoota kwenye mkate, wenyewe hukua upesi na kujaza sahani ukidhaniwa ndio ugonjwa.

Watoto wana habari yao. Mapunye ya kichwani katika Afrika Mashariki mara nyingi yanaletwa na fangasi aitwaye Trichophyton violaceum, ambaye hujaza mbegu zake ndani ya unywele wenyewe. Unywele unadhoofika na kukatika usawa wa ngozi, na kichwani vinabaki vidoadoa vyeusi. Ile taa ya zambarau inayotajwa sana kwenye vitabu vya ngozi humulika kijani kwa fangasi wengine wa nywele. Huyu wetu haimwonyeshi, kwa hiyo mtoto asiyeng'aa chini ya taa anaweza kuwa mgonjwa kabisa. Sampuli yake tunaichukua kwa kung'oa visiki vya nywele kwa kibano, au kwa kusugua kichwa kwa mswaki safi na kuugandamiza mswaki huo juu ya chakula cha kuoteshea. Watoto wanaupenda mswaki.

Krimu haiponyi mapunye, kwa sababu haifiki kwenye shina la unywele. Inatakiwa dawa ya kumeza. Griseofulvini, ambayo imekuwa ikimezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, hutolewa kulingana na uzito wa mtoto kwa wiki sita hadi nane, na pengine zaidi. Inafyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, na kwa hilo Kigoma hatuna shida: mgebuka wa kuungwa kwa mawese unatosha. Wazazi wengi hukatisha dozi nywele zinapoanza kuota, wiki ya tatu au ya nne, na mtoto anarudi shuleni akiwa bado anawaambukiza wenzake. Kagueni pia ndugu wanaolala kitanda kimoja, maana mtoto anaweza kubeba fangasi bila dalili. Na kinyozi apige brashi mashine yake kuondoa nywele zilizonasa kabla ya kupuliza spiriti. Spiriti juu ya nywele zilizonasa ni kujidanganya.

Kuna wakati kichwa cha mtoto kinavimba, kinakuwa laini na kutoa usaha. Familia inaona jipu na kuomba likatwe. Msikubali kabla hakijapimwa. Mara nyingi huo ni mwili unaopigana na fangasi kwa nguvu, kisu hakisaidii, na dawa ikichelewa nywele za sehemu ile hazioti tena.

Ajabu ni kwamba elimu hii ni ya zamani kuliko ya bakteria. David Gruby alieleza fangasi wa magamba ya kichwani mwaka 1841, akiwa Paris, miaka 35 kabla Robert Koch hajathibitisha bakteria wa kimeta mwaka 1876. Baadaye bakteria wakapata dawa tele na fangasi wakabaki na chache. Sababu mojawapo ni kwamba seli ya fangasi inafanana na yetu kuliko ya bakteria inavyofanana na yetu, kwa hiyo kupata sumu itakayomuua yeye na kutuacha sisi salama ni kazi. Dawa nyingi tulizonazo zinalenga egosteroli, mafuta ya utando wake, ambayo sisi hatuna. Sisi tuna kolesteroli. Amoksilini nayo haimfanyi chochote, kwa kuwa inalenga ukuta wa bakteria, ambao fangasi hana.

Kwa akina mama, muwasho na uchafu ukeni karibu kila mara huitwa fangasi na kununuliwa vidonge vya kuweka ukeni. Maabara tunaona vitu vitatu tofauti. Fangasi kwa kawaida huleta muwasho mkali na ute mzito wa kugandagandana, bila harufu kali, na uchachu wa uke (pH) hubaki wa kawaida, chini ya 4.5. Mvurugiko wa bakteria huleta harufu ya samaki na pH hupanda juu ya 4.5, yaani uchachu unapungua. Trikomonasi ni kimelea anayeogelea, tunamwona akihangaika kwenye tone la maji, na huyo lazima mume naye atibiwe. Vidonge vya klotrimazo haviwatibu hao wawili wa mwisho. Mama ambaye fangasi wanamrudia mara kwa mara ndani ya mwaka apimwe sukari na VVU, na tuoteshe tujue ni aina gani. Tukichanganya fangasi hao na maji ya damu ya binadamu, yaani seramu, kwenye nyuzijoto 37, Candida albicans huchipua kama mbegu ya maharage ndani ya saa mbili tatu. Asiyechipua tunamchunguza zaidi, kwa kuwa baadhi ya jamii zake, kama Candida krusei, kwa asili hawasikii flukonazo, dawa ya fangasi ya kumeza.

Mapafu niyaguse kidogo tu. Mtu aliyepona kifua kikuu akaachiwa tundu kwenye pafu anaweza kuotewa na fangasi aina ya Aspergillus humo ndani. Anakohoa damu na kukonda, makohozi hayaonyeshi TB, na bado anaanzishiwa dawa za TB upya. Picha ya eksirei na kipimo cha damu vinaweza kumwokoa na miezi sita ya dawa isiyomhusu.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi hatari kwa binadamu, aina 19. Katika kundi la juu kabisa yumo Cryptococcus neoformans, anayeishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa. Sote tunamvuta hewani, na kinga ya mwili inamdhibiti. Kwa mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani seli za kinga, zimeshuka chini ya 100, anapanda hadi kwenye utando wa ubongo: kichwa kinauma siku baada ya siku, kutapika, macho kuona mbili, kuchanganyikiwa.

Zamani tulimtafuta kwa wino mweusi. Tone la maji ya uti wa mgongo likichanganywa na wino, fangasi anaonekana kama duara jeupe, kwa sababu ganda lake haliruhusu wino kuingia. Siku hizi kuna kijikaratasi cha kupima CrAg, yaani chembe za ganda la fangasi huyu, kinachotoa jibu kwa dakika 10, hata kwenye damu, hata kabla kichwa hakijaanza kuuma. Katika utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015, wagonjwa wenye CD4 za chini waliopimwa hivyo na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo za ARV walikufa kwa asilimia 28 pungufu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Tatizo linabaki kwenye sindano ya mgongo. Ndugu wanakataa, wanasema fulani alichomwa na hakuamka. Fulani aliletwa akiwa tayari hajitambui. Sindano huingia kiunoni, chini ya pale uti wa mgongo unapokomea, kwenye nafasi yenye maji na mishipa inayoelea. Tena kwa ugonjwa huu kutoa maji ni sehemu ya tiba yenyewe: fangasi huziba njia za maji, presha ndani ya kichwa hupanda kupita sentimita 25 za maji wakati ya kawaida haizidi 20, na hakuna kidonge kinachoishusha. Daktari akitoa maji, mgonjwa mara nyingi hupata nafuu ya kichwa siku hiyo hiyo, na huenda akahitaji kutolewa tena kesho na keshokutwa. Ukiwa na ndugu wodini katika hali hiyo, muulize daktari CrAg imesomaje na presha ya maji ilikuwa ngapi.