W ya kwenye dumu la oili si uzito

Kila kipupwe kikiingia, gereji za mjini hurudia maneno yale yale: baridi imeanza, tia oili nyepesi, kaskazi ikija tutarudi kwenye nzito. Ukimuuliza msemaji ile W iliyo katikati ya 20W-50 ni ya nini, atakujibu bila kusita kuwa ni "weight", yaani uzito. Yote mawili si kweli, na kosa la pili ndilo linalolipa nguvu la kwanza.

Kwa ufupi, namba za kwenye dumu hupima mnato, yaani jinsi oili inavyokataa kutiririka. Namba kubwa, mnato mkubwa.

Neno "nzito" tumeshalizoea na sina ugomvi nalo. Lakini oili yoyote ya injini, iwe 0W-20 au 20W-50, ukiimimina kwenye ndoo ya maji itaelea, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito kuliko lita moja ya oili. Oili nzito ya gereji imezidi kunata tu.

W imetokana na "winter", majira ya baridi ya nchi ambazo maji ya madimbwi huganda barabarani. Mpangilio huu ni wa SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari iliyoundwa Marekani mwaka 1905, na toleo lake la kwanza kuhusu oili lilitoka mwaka 1911. Wakati huo oili zilikuwa za namba moja moja. Baadaye mwenye gari wa Chicago alikuwa hana budi: theluji ikianguka anatia 10W, joto likirudi anaimwaga na kutia 30. Angebaki na ile 30 kwenye theluji, asubuhi starta ingelia weee, injini haizunguki. Katika miaka ya 1950 ndipo zilipoenea oili zilizotiwa polima, molekuli ndefu ambazo hujikunja oili ikiwa baridi na kujinyoosha ikipata moto, zikazuia mnato usishuke mno. Dumu moja likaanza kubeba namba mbili, na shughuli ya kubadilisha oili kwa msimu ikawa haina kazi tena hata huko ilikoanzia. Sisi tunaiendeleza bila hiyo theluji.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Watu huzisoma namba mbili kana kwamba zimetoka kwenye rula moja. Utasikia: "5W-30 ikiwa baridi ni 5, ikichemka inakuwa 30." Anayesikia ataamini kuwa kuna oili inayozidi kuwa nzito ikipashwa moto. Haipo. 5W-30 ya kawaida ikiwa kwenye nyuzi joto 40 huwa na mnato wa sentistoki (kizio cha kupimia mnato) 60 hivi. Ikifika nyuzi 100, hubaki 10 au 11. Polima zimepunguza kasi ya kushuka, hazikugeuza mshuko ukawa mpando.

Rula ni mbili. Namba ya mbele, yenye W, inatoka kwenye majaribio ya baridi kali, nayo huuliza maswali mawili: je, injini inaweza kuzungushwa ikiwa na oili hii, na je, pampu inaweza kuivuta? Oili ya 20W hujaribiwa kuzungushwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri na kuvutwa kwenye 20 chini ya sifuri. Ya 10W huulizwa hayo hayo kwenye 25 na 30 chini ya sifuri, na ya 0W kwenye 35 na 40. Namba ya nyuma hupimwa kwenye nyuzi 100, injini ikiwa imeshapata moto wake wa kazi. Hapo 30 maana yake mnato kuanzia sentistoki 9.3 hadi chini ya 12.5, 40 inaanzia 12.5 hadi chini ya 16.3, 50 inaanzia hapo na kuishia kabla ya 21.9. Kwa hiyo hiyo 5 na hiyo 30 hazina hata kipimo cha pamoja cha kuzilinganisha.

Sasa ziweke namba hizo juu ya hali ya hewa yetu. Asubuhi ya Julai mjini Unguja, tunapojifunika hadi kichwani, ni nyuzi 21 au 22. Mchana wa Februari ni 32, labda 33. Asubuhi yetu ya baridi bado ina zaidi ya nyuzi 35 juu ya mahali ile 20W ilipojaribiwa. Na injini ikishawaka, themostati huyashikilia maji yake karibu na nyuzi 90, iwe kusi au kaskazi. (Aliyeing'oa themostati kwa kuogopa joto amejitengenezea kipupwe cha mwaka mzima, na hakuna namba ya oili itakayomponya.)

Nafikiri tunadanganywa na mafuta ya nazi. Chupa ikikaa dirishani mwezi wa saba huganda ikawa nyeupe, kwani mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Mtu akishayaona yameganda, anaihurumia na injini. Oili ya injini haigandi hivyo hapa.

Masika nayo watu wameibunia oili yake. Mvua haigusi mnato. Gari ikipita kwenye mafuriko na maji yakaingia kwenye injini, kijiti cha kupimia kitatoka na rangi ya chai ya maziwa. Hapo ni kumwaga oili, kubadilisha filta na kutafuta maji yalikopitia, maana rangi hiyo hiyo hutokea gasketi ya kichwa ikifa. Kupandisha namba hakutibu kitu.

Kinachochagua oili ni injini na kazi yake. Kitabu cha gari huwa na jedwali la nyuzi joto za nje, na sisi tumekaa upande wake wa joto Januari hadi Desemba. Gari nyingi tunazoletewa kutoka Japani vitabu vyake ni vya Kijapani, lakini namba haihitaji tafsiri, na mara nyingi imepigwa chapa juu ya kifuniko cha oili. Injini za Toyota zenye VVT-i hurekebisha wakati wa kufunguka valvu zake kwa oili inayopita kwenye vijia vyembamba. Ukiipa 20W-50 wakati kifuniko kinasema 0W-20, umeinyima oili iliyoundiwa, na utachoma petroli nyingi zaidi. Gari ya mchanga inayopanda vilima vya Pemba huchemsha oili yake kwa mzigo kuliko kaskazi yoyote, na hapo namba ya nyuma ina maana kubwa. Injini iliyochoka ringi ikapewa 50 itapunguza moshi kwa muda, lakini ringi hazioti tena. Vespa za zamani, zile za kuchanganya oili na petroli, hazimo katika mazungumzo haya. Oili yao ni nyingine kabisa.

Basi fundi wangu, ukiniuliza tena kama nataka oili ya baridi au ya joto, 20W-50 si oili ya joto. Ni oili ambayo pampu iliweza kuivuta kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na ambayo kwenye nyuzi 100 mnato wake uko katika daraja la 50. Kama kitabu cha gari kimeitaja, itie Julai, na Februari uitie hiyo hiyo.