Dart yangu ya 1966 na mdogo wake wa sentimita 20

Swali ninaloulizwa sana siyo gari inakula mafuta kiasi gani, hilo ni la pili. La kwanza ni hili: "We fundi mzima, gari zima unayo hapo nje, sasa haka kamdoli ka plastiki ka nini?" Maana mgeni akiingia kwangu anakuta meza ya kulia imejaa msasa, vibano, vichupa vya rangi na vimilango vya gari vimeanikwa juu ya gazeti, na hapo nje imepaki Dodge Dart ya mwaka 1966 ambayo ndo naendea kazini, ndo naendea sokoni, sina gari nyingine. Mke wangu keshazoea, ye anauliza tu leo tunakulia wapi.

Jibu lake ni refu kidogo so ntaanzia mbali.

Mi nimekulia Tanga na modeli yangu ya kwanza ilikuwa gari la waya. Waliocheza wanajua, unatafuta waya wa uzio au henga, unakunja fremu kwa mkono na jiwe, matairi unakata kwenye ndala iliyokufa, afu unaweka ule usukani mrefu unaoushika umesimama huku unakimbia nalo. Tuliona ni mchezo tu lakini lile gari lilikuwa na kitu ambacho modeli nyingi za dukani hazina mpaka leo, lilikuwa linakata kona kweli. Na ili likate kona ilibidi mtoto wa miaka tisa agundue mwenyewe kwamba magurudumu ya mbele yanataka viungo vinavyozunguka na waya mmoja wa kuyafunga pamoja yageuke kwa mpigo. Neno tairodi nimekuja kulisikia gereji miaka mingi baadaye, ila kitu chenyewe nilikuwa nishakikunja kwa mikono.

Sasaivi niko Phoenix, Arizona, na gereji ninayofanya kazi inashughulika na magari ya Kimarekani ya miaka ya 50 mpaka 70. Huku ni jangwa, hawamwagi chumvi barabarani kama majimbo ya kaskazini kipindi cha barafu, so kutu haili bati, unalala chini ya gari ya miaka karibu 60 unakuta bado bati la kiwandani. Kinachokufa huku ni mpira, dashibodi, vitambaa vya siti na rangi, maana kiangazi kuna siku nyingi tu joto linapita nyuzi 43. Kingine, kipimo cha moshi hapa kinaanzia gari za 1967, za 1966 kurudi nyuma zimesamehewa. Nisiwadanganye, hilo nalo lilinisaidia kuchagua mwaka.

Dart yangu ni ya milango minne, rangi ya krimu, gia otomatiki, breki za dramu miguu yote minne, usukani wa nguvu zako mwenyewe. Siyo gari ya kupigia picha. Injini ni ile wanaita slant six, silinda sita, inchi za ujazo 225 ambayo ni kama lita 3.7, ukoo wake Chrysler, ndo waliokuwa wanatengeneza Dodge, waliuanza na gari yao nyingine, Valiant ya 1960. Imelazwa ubavu nyuzi 30, kwa hiyo boneti inakaa chini na pembeni inapatikana nafasi ya manifoldi ndefu, yani mabomba ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Kwa fundi maana yake ni kwamba plagi zote sita ziko upande mmoja, kabureta na egzosi upande wa pili, ukifungua boneti unaona mpaka lami. Kuna gari za siku hizi kubadili plagi tu mpaka utoe nusu ya vitu vya juu, mi hapa namaliza kabla chai haijapoa.

Haya, modeli. Nyingi za gari za Kimarekani ziko skeli ya 1/25, yani Dart yenye karibu meta 5 inakuja kuwa sentimita 20. Biashara hii ilikulia Michigan, hukohuko yalikotokea magari yenyewe. AMT, kampuni ya modeli ya mji wa Troy, walianza na vigari vya kupewa madila, yani wauza magari, mteja anakishika mkononi anaona umbo na rangi za mwaka huo, afu mwaka 1958 wakaanza kuuza za kuunganisha mwenyewe nyumbani. Sasa kwa kuwa ni biashara wanatengeneza kinachouzika, na kinachouzika ni milango miwili, V8 yani injini ya silinda nane, au la kufunguka paa. Nenda duka lolote la modeli huku uhesabu Mustang na Camaro zilizopangwa, afu tafuta sedani ya silinda sita. Gari ya mwalimu, gari ya nesi, gari ya mzee wa kanisa, hiyo hamna mtu anahangaika nayo, na ukweli ni kwamba barabarani ndo zilizokuwa zinatembea. Mi hili linaniudhi, sijui kwa nini, ila linaniudhi.

So Dart ndogo nimeichonga. Nilinunua bodi ya milango miwili ya resini, ile plastiki ya kumiminwa kwenye moldi, nikaikata paa lote, nikajenga nguzo za katikati na paa jipya kwa shiti za plastiki, na mistari ya milango ya nyuma nikaichora upya kwa kuipima gari iliyopo nje. Hapo ndo unajua gari yako hujawahi kuiangalia. Miaka minne naiendesha kila siku na sikuwa najua mlango wa nyuma unaingiaje pale juu ya gurudumu, ilibidi nitoke usiku na tochi na futikamba, jirani anayetoka Bukavu akafungua dirisha akaniuliza kama motokari imeibiwa.

Kitu ambacho wengi hawakifikirii ni kwamba gari unaipunguza mara 25 lakini rangi haipungui. Ukiweka rangi yenye unene wa milimita 0.1 kwenye modeli, ikuze mara 25 unapata milimita 2.5, yani umepiga gari plasta. Na uwazi wa mlango ambao kwenye gari kubwa ni kama milimita 5, kwenye modeli unakuwa milimita 0.2, so praima na makoti mawili mazito ya rangi vinauziba wote, unabaki na kitu kama sabuni iliyochongwa. Ndo maana kabla ya rangi napitisha mgongo wa kisu kwenye kila mstari taratibu, mara kumi, kumi na tano, mpaka uwe na kina. Afu naosha bodi na sabuni ya vyombo kutoa mafuta ya moldi, napiga praima nyepesi, msasa wa maji namba 1000, halafu rangi makoti membamba matatu manne, kila moja kama ukungu tu. Mwanzoni nilikuwa na haraka na thina ya gereji, ile kali ya magari, nikaipuliza moja kwa moja kwenye plastiki bila praima, bodi ikapasuka nyufa ndogondogo kama tope la bwawa lililokauka. Hiyo bodi ninayo bado, naitumia kujaribia rangi.

Na nyaya za plagi. Waya wa kweli una unene wa milimita 7, gawa kwa 25 unapata kama milimita 0.28, ule mwembamba kabisa ulioko ndani ya waya wa earphone zilizokufa. Unatoboa matundu saba, sita ya plagi na moja la koili, kwenye kifuniko cha distributa, kile kinachogawa umeme kwa plagi, ambacho chenyewe ni kidogo kuliko punje ya dengu, unaingiza nyaya kwa kibano, na kama unataka iwe sahihi unafuata mpangilio wa kuwaka, ambao kwa slant six ni 1-5-3-6-2-4. Nilikosea nikarudia mara tatu, usiku wa tatu mpangilio ukawa umeingia vidoleni. Baadaye kijana mmoja pale kazini alichomoa nyaya zote sita za gari ya mteja kwa mpigo bila kuweka alama, gari ikawashwa ikawa inapiga risasi kwenye kabureta watu wote wakageuka. Nilizirudisha bila kufungua kitabu, yule kijana akadhani nina kipaji, kumbe ni earphone za shilingi ngapi sijui.

Sasa kuiendesha kila siku. Watu wanadhani shida ni injini, injini haina shida. Kila baada ya muda naseti tapeti, yani uwazi wa valvu, injini ikiwa ya moto, za kuingiza inchi 0.010 na za kutoa 0.020, yani robo milimita na nusu milimita, fila geji, kile kibati cha kupimia uwazi, ikipita kwa kusuasua kidogo hapo sawa. Shida ni watu wengine kuigusa. Gari za Chrysler za wakati huo nati za magurudumu ya kushoto zina mikato ya kinyume, unafungua kwa kuzungusha upande ambao kwingine kote ni kukaza, walifanya hivyo kwa kuamini tairi likizunguka nati isijilegeze. Niliipeleka duka moja la matairi, nikawaambia, nikawaandikia kwenye karatasi, nikaibandika kwenye usukani, nikaenda kunywa kahawa. Narudi nakuta kijana kashika mashine ya hewa anasema "nati zako zimeshika kutu", stadi mbili, zile boliti zinazoshika nati, ziko chini, zimekatika. Zilikuwa na herufi L kabisa kwenye ncha. Tangu siku hiyo matairi ya kushoto nafungua mwenyewe nyumbani napeleka rimu tupu.

La breki ndo zito. Dart ya 1966 ilitoka na masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ya chemba moja, mafuta ya breki yanakwenda miguu yote minne kutoka chombo kimoja, sehemu moja ikivuja popote umekosa zote. Gari za mwaka 1967 ndo zikaja na chemba mbili, za mbele peke yake na za nyuma peke yake. Mi najua haya yote, ni kazi yangu, nawaambia wateja kila wiki, na yangu nikawa naahirisha mpaka asubuhi moja nafika taa nyekundu pedali ikaenda mpaka chini kama nimekanyaga sifongo. Nikavuta hendibreki, nikatupa gia chini, nikasimama katikati ya mistari ya wapita njia na mama mmoja mwenye mbwa ananiangalia. Silinda ndogo ya mguu wa nyuma ilikuwa imepasua mpira. Nilirudi nyumbani kwa kuvutwa.

Wikiendi hiyo nikaweka masta ya chemba mbili, na hapa ndo modeli ililipa kodi. Paipu mpya inatakiwa ipite kati ya nguzo ya usukani na egzosi bila kugusa chochote, na paipu ya chuma ukishaikunja vibaya haikunjuki vizuri. Kwanza nikaikunja kwenye Dart ndogo kwa waya wa solda, siyo kwa vipimo, kwa mpangilio tu, ipi inatangulia, ipi inapita chini ya ipi. Afu nikachukua henga ya nguo kabatini nikaikunja ndani ya gari kubwa mpaka ikakaa, nikaitoa, nikakunja paipu kwa kuifuatisha. Nimelala pale na henga mkononi nikacheka mwenyewe, nilikuwa nimerudi Tanga kabisa, kilichokosekana ni ndala.

Joto nalo lina mambo yake. Ukizima injini mchana wa Julai, petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta inachemka, mvuke na mafuta yanamwagikia kwenye manifoldi, ukija baada ya dakika kumi haiwaki kwa sababu imezama. Usipampu pedali. Kanyaga mpaka chini uishikilie hapo, piga stata ndefu, itakohoa itawaka. Petroli ya siku hizi ina ethanoli, yani pombe, asilimia 10, inachemka mapema zaidi na mipira ya zamani inailainisha, kwa hiyo hozi zote za mafuta nilibadilisha siku ya kwanza, na wewe ukinunua gari ya umri huu anza na hozi kabla hujawaza rangi.

Joto hilohilo ndo lilinipatia. Dart ndogo ilipokauka nikaona niipeleke kazini wakaione, nikaiweka nyuma ya siti, chini ya kioo, nikafunga milango nikaingia gereji. Nikasahau mpaka saa nane mchana. Nilipofungua, paa nililolijenga wiki sita lilikuwa limebonyea katikati kama godoro la gesti, na bodi ya resini imepinda bampa la nyuma linaangalia juu. Resini inarudi ukiitia kwenye maji ya moto na kuiminya taratibu juu ya kioo bapa, bampa lilirudi. Paa halikurudi lote, limebaki na kishimo cha upande wa dereva, ukipitisha kidole unakisikia.

Mwezi uliofuata likadondoka tawi pale pakingi likaangukia Dart kubwa. Upande wa dereva.